Mfereji Mmoja, Watumiaji Wengi: Sayansi Iliyomo katika Kanuni za Chumba cha Kompyuta

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, tangu zamani kabla ya enzi ya ukoloni, Wachagga wamekuwa wakichimba mifereji ya kuchukua maji kutoka katika vijito vya mlimani na kuyafikisha kwenye vihamba vyao vya migomba. Mfereji wa namna hiyo, uitwao mfongo, hutumiwa na kaya nyingi kwa pamoja. Kila mwenye haki ya kuutumia ana zamu yake ya kufungulia maji, na ana wajibu wa kutoka na jembe siku ya kuuzibua. Anayefungulia maji nje ya zamu yake huwanyima majirani walio upande wa chini, ambao huenda hata hawamwoni. Ndiyo maana mfongo haukudumu kwa nguvu ya maji peke yake. Ulihitaji pia kanuni, na mtu wa kuzisimamia.

Siku hizi, katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, kuna mfereji wa aina nyingine. Nao ni njia ya intaneti iingiayo katika kituo cha vijana na kugawanywa kwa kompyuta kumi au ishirini zilizopangwa juu ya meza. Ukutani aghalabu hubandikwa karatasi ya kanuni: andika jina lako katika daftari kabla ya kuketi, usipakue filamu, usichomeke flashi bila ruhusa, usitumie neno la siri la mwenzako, toka katika akaunti yako kabla ya kuondoka. Vijana wengi huzisoma kanuni hizo kama amri za mkubwa asiyependa watu wastarehe, na wasimamizi wengi huzibandika bila kueleza sababu zake. Pande zote mbili hupungukiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hizo zina mizizi katika namna kompyuta na mitandao zinavyofanya kazi, na kwamba anayeielewa kazi hiyo angeweza kuzitunga mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Jambo lenyewe si dogo. Nchini Tanzania matokeo ya mitihani ya taifa hutolewa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupelekwa kwa njia ya mtandao. Kwa kijana ambaye nyumbani kwao hakuna kompyuta, chumba hicho cha kituo huwa ndicho mlango wa kupitia. Mlango huo ukizibwa na uzembe wa mtu mmoja, anayeumia zaidi ni yule asiye na mlango mwingine.

NJIA MOJA HUGAWANYWAJE?

Intaneti haisafirishi barua wala picha ikiwa kitu kimoja kizima. Kila kinachopelekwa hukatwa kwanza vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja. Kila pakiti hubeba anwani ya itokako na anwani ya iendako, na vipande vyote huunganishwa tena mwisho wa safari. Kati ya kompyuta za kituo na ulimwengu wa nje hukaa kifaa kiitwacho ruta. Kazi yake ni kupokea pakiti za wote, kuzipanga foleni, na kuzipitisha kwa zamu. Ruta ya kawaida haitambui kwamba pakiti hii ni ya mwanafunzi anayetuma maombi ya chuo na ile ni ya filamu ya mapigano. Kwake pakiti zote ni sawa.

Msomaji achukue mfano wa kituo chenye kompyuta 20 na njia yenye uwezo wa kupitisha megabiti 10 kwa sekunde. Ikiwa watu wote wanavuta habari kwa wakati mmoja, na njia ikagawanyika sawasawa, kila mmoja hupata megabiti 0.5 kwa sekunde. Ukurasa wa tovuti wenye ukubwa wa megabaiti 2 ni sawa na megabiti 16, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Ukurasa huo basi utafunguka kwa sekunde 32, muda unaoweza kuvumilika. Filamu yenye ukubwa wa gigabaiti 1, kwa upande wake, ni megabiti 8,000. Kwa mgawo huo huo itachukua sekunde 16,000, yaani saa 4 na dakika 26 na ushei. Aliyekuja kwa ajili ya filamu atalala mlango wa kituo kabla hajaipata.

Hapo ndipo hila huanza. Mgawo wa njia hauhesabu watu, huhesabu miunganisho. Zipo programu za kupakua ambazo hufungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja ili kila mmoja upate fungu lake. Ikiwa kijana mmoja amefungua miunganisho 20 na wenzake 19 wamefungua mmoja mmoja, jumla ni miunganisho 39. Kijana huyo peke yake atachukua mafungu 20 kati ya 39, ambayo ni zaidi ya nusu ya njia nzima. Wenzake watabaki na robo ya megabiti hivi kila mmoja, na ukurasa uliofunguka kwa sekunde 32 sasa utahitaji zaidi ya dakika moja. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na mhusika huenda hata hajui alichofanya; lakini maji ya mfereji yamekwisha kugeuzwa kuelekea shamba moja.

FUNZO LA MWAKA 1986

Msongamano wa namna hiyo uliwahi kuusumbua mtandao wenyewe ulipokuwa bado mchanga. Mnamo Oktoba 1986, huko California, Marekani, mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley yalidorora kwa kiwango cha kushangaza. Mahali hapo pawili palitenganishwa na umbali wa mita 370 hivi tu. Mwendo wa habari ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, yaani mara 800. Biti 40 ni sawa na herufi 5. Mtu angeweza kuvuka kwa miguu na barua mkononi akafika mapema zaidi.

Sababu yake ilikuwa nini? Nyaya zilikuwa nzima na mashine zilikuwa zikifanya kazi. Kasoro ilikuwa katika mwenendo wao. Foleni ya ruta inapojaa, pakiti zinazozidi hutupwa. Kila kompyuta iliyokosa jibu ilidhani kwamba pakiti yake imepotea, ikaituma upya mara moja. Nakala hizo ziliongeza msongamano. Msongamano ukasababisha pakiti nyingi zaidi kutupwa. Na kutupwa huko kukazaa nakala nyingine. Mtandao ulijaa marudio ya maneno yale yale, kama baraza ambamo kila mtu anapaza sauti kwa sababu hasikiki, na hasikiki kwa sababu kila mtu amepaza sauti.

Mtafiti Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Michael Karels wa chuo hicho, alitafuta dawa na kuichapisha mwaka 1988. Dawa ilikuwa rahisi kueleza: kompyuta ikiona dalili kwamba pakiti imepotea, na ichukulie kuwa njia imejaa, basi ipunguze mwendo mara moja, kisha iuongeze kidogo kidogo maadamu mambo yanakwenda vizuri. Hakuna askari wa kuisimamia kanuni hiyo. Kila mashine hujizuia yenyewe, na kwa kujizuia kwake wote hupita. Wazo hilo lingali linaongoza sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti hadi leo.

Msomaji atatambua hapa jambo la ajabu kidogo. Kompyuta za kituo cha vijana tayari zimefundishwa adabu ya kupishana njiani. Kinachobaki bila kufundishwa ni mkono ulioshika kipanya, nao ndio uwezao kuamuru miunganisho ishirini mahali pa mmoja.

MASHINE INAYOKUMBUKA

Kanuni ya pili inayodharauliwa ni ile ya kutoka katika akaunti kabla ya kuondoka. Ili kuielewa, yafaa kujua kwamba mfumo wa kurasa za wavuti uliundwa bila kumbukumbu. Kila ukurasa unapoombwa, seva hulipokea ombi hilo kama ombi la mgeni ambaye haijapata kumwona. Kama mambo yangebaki hivyo, mtumiaji angelazimika kuandika neno lake la siri kwa kila ukurasa anaoufungua. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuondoa taabu hiyo. Baada ya mtu kutambuliwa, seva humpa kivinjari chake kijibarua kidogo cha siri. Kuanzia hapo kivinjari hukionyesha kijibarua hicho katika kila ombi, na seva husema: huyu namjua, na apite. Kijibarua hicho kwa Kiswahili huitwa kidakuzi.

Jambo la kushikwa ni hili: seva haimtambui mtu, bali hukitambua kidakuzi. Mwenye nacho ndiye mwenye akaunti machoni pake. Tena, kulifunga dirisha la kivinjari si lazima kukifute. Vidakuzi vingi huwekwa ndani ya mashine kwa siku au wiki kadhaa ili kumrahisishia kazi mtu anayetumia kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Kinachokiondolea nguvu kijibarua ni kutoka katika akaunti kwa kubonyeza kitufe cha kutokea, kwani hapo seva huarifiwa kwamba kazi imekwisha.

Ichukuliwe mathalani kwamba msichana aliyemaliza kidato cha sita amekuja kituoni kujaza maombi ya mkopo. Anaitwa nje ghafla; anafunga dirisha na kuondoka. Anayeketi baada yake anafungua tovuti ile ile na kukuta jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani na habari za wazazi wa mtu mwingine, vyote vikiwa wazi na vyenye kubadilishika. Kama ni mwungwana ataifunga. Kama ni mtundu anaweza kubadili neno moja tu, na madhara yake yakaja kujulikana baada ya miezi, wakati ambapo hakuna tena wa kuulizwa.

Kwa hiyo mtumiaji wa mashine ya pamoja yampasa kufanya mambo matatu: kukataa kivinjari kinapojitolea kuhifadhi neno lake la siri, kutumia dirisha la faragha, ambalo likifungwa hufuta vidakuzi vyake katika mashine ile, na kutoka rasmi katika akaunti. Ieleweke walakini kwamba dirisha la faragha hulinda dhidi ya anayeketi baadaye tu. Halimfichi mtumiaji machoni pa tovuti anayoitembelea, wala machoni pa anayeuendesha mtandao wa kituo.

Kumbukumbu haipo katika mashine ya mezani peke yake. Picha iliyopigwa katika chumba na kutumwa nje hunakiliwa katika seva, kisha katika simu za walioipokea, kisha katika simu za waliotumiwa na hao. Aliyeituma anaweza kuifuta nakala yake. Nakala za wengine hazimo katika uwezo wake. Ndiyo sababu kanuni njema hukataza kutuma picha ya mwenzako bila idhini yake, hata kama ilikusudiwa kuwa mzaha.

ANWANI MOJA KWA WATU WOTE

Kila kompyuta inayowasiliana katika intaneti huhitaji anwani. Mpango wa anwani uliotumika tangu mwaka 1983 huandika kila anwani kwa biti 32, hivyo hauwezi kutoa zaidi ya anwani 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa mno wakati ule, lakini ni ndogo kuliko hesabu ya watu duniani, na hazina kuu ya anwani hizo iliisha mwezi Februari 2011. Upo mpango mpya wenye anwani nyingi zaidi, lakini ule wa zamani ungali unatumika sana. Kwa ajili ya uhaba huo, nyumba, shule na vituo vingi hutumia anwani moja tu ya nje. Ndani ya kituo kila kompyuta ina anwani yake ya nyumbani. Pakiti inapotoka, ruta huifuta anwani hiyo na kuandika ile ya pamoja, kisha huweka kumbukumbu ili jibu likirudi ijue limpelekee nani.

Matokeo yake ni mazito. Kwa mtu aliye nje, vijana wote ishirini ni mtu mmoja. Ikiwa mmoja wao anajaribu kubahatisha maneno ya siri ya watu, au kutuma maelfu ya barua za ulaghai, tovuti inayojilinda haitaiona kompyuta namba 7 iliyo karibu na dirisha; itaiona anwani ya kituo, na kuifungia. Siku ya pili kijana mwingine aliyekuja kutafuta masomo atakuta mlango umefungwa na hajui kosa lake. Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Katika mtandao usemi huo ni maelezo ya kiufundi.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la swali la daftari. Kwa kuwa anwani ya nje haitofautishi watu, uchunguzi wa kosa lolote huishia mlangoni pa kituo. Bila kumbukumbu ya nani aliketi wapi na saa ngapi, wote hubaki kuwa washukiwa. Daftari humlinda asiye na hatia kabla ya kumfichua mwenye hatia.

FLASHI NA MARADHI YA KUAMBUKIZA

Mwezi Novemba 2008 programu haribifu iliyopewa jina la Conficker ilianza kuenea duniani, na katika miezi iliyofuata iliingia katika mamilioni ya kompyuta. Ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kasoro katika mfumo wa Windows, ambayo kampuni ya Microsoft ilikwisha kutoa kiraka chake mwezi Oktoba mwaka huo huo; walioshikwa ni wale ambao hawakukiweka. Ya pili ilikuwa kubahatisha maneno ya siri dhaifu. Ya tatu ilikuwa flashi: programu ilijiandika ndani ya flashi iliyochomekwa, kisha ikatumia desturi ya mashine za wakati ule ya kuendesha yenyewe yaliyomo katika flashi mara inapoingizwa.

Mifumo ya siku hizi imeiacha desturi hiyo ya hatari, lakini flashi ingali inaweza kubeba faili lenye madhara linalomsubiri mtu wa kulifungua. Nayo kompyuta ya kituo ina hali ambayo ya nyumbani haina: hukutana na flashi za watu wengi kwa siku moja. Ikiugua asubuhi, jioni flashi kadhaa zimekwisha kubeba ugonjwa hadi shuleni, ofisini na katika duka la kuchapishia. Kanuni ya kukagua flashi kwanza, na ile ya kuweka viraka vya mfumo kila vinapotolewa, ni sawa na kanuni za afya ya jamii: mwenye kunawa mikono hujikinga yeye na huwakinga wengine pia.

VIJANA WA MILWAUKEE

Wako vijana watakaouliza: je, udadisi ni kosa? Swali hilo lilijibiwa kwa uchungu mwaka 1983 katika mji wa Milwaukee nchini Marekani. Vijana wachache, wenye umri kati ya miaka 16 na 22, ambao baadhi yao walikutana katika kikundi cha skauti cha kujifunza kompyuta, walianza kuingia katika kompyuta za mbali kwa kutumia simu. Walijiita 414, kwa namba ya eneo lao la simu. Hawakuwa na vyombo vya ajabu. Walijaribu maneno ya siri mepesi, yakiwamo yale yaliyowekwa na watengenezaji na ambayo wenye mashine hawakupata kuyabadili. Kwa njia hiyo waliingia katika kompyuta kadhaa, zikiwamo za maabara ya silaha za nyuklia ya Los Alamos na za hospitali ya saratani ya Sloan-Kettering huko New York.

Vijana hao hawakukusudia kumdhuru mtu. Hata hivyo, katika kompyuta ya hospitali walifuta baadhi ya kumbukumbu za malipo ili kuficha nyayo zao. Mashine ambayo kwao ilikuwa mchezo, kwa wengine ilikuwa sehemu ya matibabu ya wagonjwa. Anayeketi mbele ya skrini humwona mpinzani wake kuwa mashine, na huwasahau watu walio nyuma ya mashine hiyo.

Wakati ule Marekani haikuwa na sheria ya taifa iliyotungwa mahsusi kwa makosa hayo. Ya kwanza ilipitishwa mwaka 1984. Leo hali ni tofauti. Uganda ilitunga sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania ikapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Chini ya sheria hizo, kuingia katika kompyuta au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa la jinai, hata kama neno la siri lilikuwa rahisi kubahatishwa. Mlango uliorudishwa bila kufungwa haumpi mpita njia ruhusa ya kuingia. Udadisi si kosa. Lakini mdadisi mwenye akili hujaribu mambo yake katika mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo, mbele ya mwalimu na kwa ruhusa.

KANUNI NJEMA HUTUNGWAJE?

Karatasi ya ukutani, hata ikiwa na maneno mazuri, haitoshi. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza mali za pamoja: malisho ya milimani ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, mifereji ya Hispania na ya Ufilipino. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alionyesha kwamba mali hizo hazikuharibika palipokuwa na mambo fulani. Watumiaji walijulikana, walishirikishwa katika kuzitunga na kuzibadili kanuni, wasimamizi waliwajibika kwa watumiaji, na adhabu zilianza ndogo, zikakua kwa kadiri kosa lilivyorudiwa. Mfongo wa Kilimanjaro ungeweza kuwa mmojawapo wa mifano yake.

Kituo cha vijana chaweza kuufuata mwendo huo. Vijana wenyewe na waulizwe ni saa zipi ziwe za kazi za shule na maombi, na ni saa zipi ziwe za michezo na filamu. Saa ambazo chumba kina watu wachache, upakuaji haumuumizi mtu. Kosa la kwanza na lipate onyo na maelezo. La pili, kukosa zamu. Kumfungia kijana moja kwa moja na kuwe silaha ya mwisho, kwa kuwa humnyima mlango ambao huenda hana mwingine.

Kadhalika kanuni zimbane na msimamizi. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa ruta, na anaweza kuona mengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni yanayojulikana, wala zisiwekwe kupita haja yake. Kwa hiyo karatasi ya ukutani na iseme wazi: daftari linaandikwa nini, nani anaruhusiwa kulisoma, na litaharibiwa lini. Kulinda chumba hakumpi mtu haki ya kusoma barua za vijana.

JARIBIO KWA DARASA

Mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kuyaonyesha yaliyotokea Berkeley mwaka 1986 kwa karatasi na saa. Mwanafunzi mmoja na awe ruta; wengine watano wawe watumaji, na wengine watano wapokeaji. Kila mtumaji huandika sentensi kadhaa, huikata kila moja vipande vinne vyenye namba, na huandika juu ya kila kipande jina la mpokeaji. Ruta hupitisha kipande kimoja kila baada ya sekunde mbili, na meza yake isikae vipande zaidi ya sita; vinavyozidi hutupwa kikapuni. Mpokeaji hunyoosha mkono kila apatapo kipande kipya.

Katika duru ya kwanza, mtumaji asiyeona mkono wa mpokeaji wake ndani ya sekunde tano huandika nakala ya kipande hicho na kuituma tena bila kungoja. Katika duru ya pili, kila mtumaji hutuma kipande kimoja tu kwa wakati mmoja, na asipojibiwa huongeza muda wa kungoja maradufu kabla ya kurudia. Kila duru na iendelee kwa dakika tano. Kisha darasa lihesabu sentensi zilizofika nzima, na vipande vilivyomo kikapuni.

Mwendo wa ruta haukubadilika kati ya duru hizo mbili, wala meza yake haikuongezwa ukubwa. Baada ya kuhesabu, wanafunzi na wapewe karatasi tupu, watunge wenyewe kanuni tano za chumba cha kompyuta cha kituo kilicho karibu nao, na mbele ya kila kanuni waandike sababu yake.